Nati Iliyokazwa na Kijiji Kizima

Ahimidiwe Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, aliyeniumba bila kuniomba ushauri na kunilisha hata siku nilizosahau kumshukuru. Amenipa miaka mingi kuliko nilivyostahili, akaniachia akili ya kukumbuka na vidole ambavyo bado vinashika kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake, na kila mwalimu aliyenivumilia nilipokuwa sijui herufi hata moja. Baada ya hayo, nataka kusimulia habari za gurudumu la mbele la gari langu, upande wa kushoto, na za macho ya mama yangu.

Wanafunzi wangu, ambao sasa nao wana wajukuu, husema mimi ni mtu wa subira. Ni kweli, nimejaliwa subira. Lakini subira si usahaulifu. Wapo watu niliowasamehe zamani, ninawaombea kila Ijumaa, na bado nikiwakumbuka nawacheka. Mungu anajua lipi kati ya hayo mawili linatoka moyoni zaidi.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya, mwendo mfupi kutoka Iguguno. Nyumba zetu zilipangwa mistari kama madawati. Aliyepanga mistari hiyo hakuuliza maji yanapita wapi wakati wa masika, kwa hiyo mstari wa tatu ulikuwa ukioga kila mwaka. Wazo lenyewe la kuishi pamoja na kusaidiana silidharau. Dini yangu ilinifundisha hilo kabla ya chama. Ninachodharau ni namna lilivyoangukia mikononi mwa watu kama katibu wetu.

Katibu wetu alikuwa mtu wa makamo, mwenye filimbi shingoni na kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amehudhuria semina ya majuma mawili, na katika majuma hayo mawili alimaliza elimu yote iliyopo duniani. Alijua kilimo, alijua mifugo, alijua uzazi wa wanawake. Hakuwahi kushika spana maishani mwake, lakini juu ya spana pia alikuwa na maoni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa madrasa, na nilikuwa na gari. Najua maneno hayo mawili hayakai vizuri pamoja. Gari lilikuwa pikapu kuukuu ya rangi ya kijivu, niliyoachiwa na mfanyabiashara mmoja ambaye nilimfundishia watoto wake kusoma Kurani. Duka lake lilipofungwa alihama, na pikapu hakuweza kuiuza kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mimi nilijua kuitunza, kwa kuwa kabla ya kurudi kwenye vitabu nilikuwa utingo wa lori kwa miaka minne. Dereva wangu wa wakati ule alikuwa mlevi, Mungu amrehemu, ila mikono yake ilikuwa na elimu. Alinifundisha kila kitu kilicho chini ya gari, na kwa kila kosa alinipiga kofi moja, si zaidi.

Mama yangu wakati huo alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika macho yake yote mawili, akibakiwa na mwanga na vivuli tu. Alinitambua kwa mwendo wangu na wajukuu kwa vichwa vyao, ambavyo alivipapasa kimoja kimoja kila jioni kama mtu anayehesabu maboga. Hakulalamika. Alisema ameona vya kutosha. Lakini mke wangu alimkuta siku moja amekaa na kanga yake mpya mapajani, akiuliza kwa Kinyiramba, akiwa peke yake, ina rangi gani.

Habari ya daktari ililetwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye alikuwa Mkristo, na tangazo lilisomwa kanisani kwao: daktari wa macho atafika kwa ndege ndogo kwenye hospitali ya misheni, Kilimatinde, na atafanya kazi siku mbili tu. Jumatano atapasua jicho moja la kila mgonjwa, Alhamisi la pili, Ijumaa asubuhi anaondoka. Atakayefika kwa ajili ya Jumatano atapata macho mawili. Hesabu hiyo ilikuwa nyepesi hata kwa mtoto wa chekechea.

Kutoka kwetu hadi Kilimatinde, kwa barabara za siku zile, ni safari ya kutwa nzima: Singida mjini, kisha Ikungi, kisha Manyoni, kisha kupanda. Basi halikuwa la kutegemea. Ilibidi tuondoke na pikapu Jumanne alfajiri.

Na pikapu ilikuwa inanguruma. Kwa mwezi mzima magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa sauti kama ya jiwe la kusagia, na usukani ulitetemeka mikononi. Nilipoipandisha kwa jeki na kulitikisa gurudumu kwa juu na chini, lilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Beringi zilikuwa zimekwisha, kulia na kushoto. Nilitafuta beringi mpya Singida mjini kwa wiki tatu, nikazipata, zimefungwa kwenye karatasi ya mafuta, nzuri kama mayai. Mkebe wangu wa grisi ulikuwa na ya kutosha. Nilihitaji siku moja tu ya kazi, nyumbani kwangu, mimi na shemeji.

Nilihitaji pia barua. Kutoka kijijini kwa zaidi ya siku mbili kulitaka barua ya katibu, la sivyo mgambo wangetusimamisha njiani. Nikaenda Jumapili kumwomba. Alinisikiliza huku akichonga penseli. Akasema barua si tatizo, mama ni mama wa kijiji. Tatizo ni Jumatatu. Jumatatu ni siku ya shamba la pamoja, na mtu anayebaki nyumbani kwake kutengeneza gari lake anaonyesha ubinafsi. Nikamwambia gari hilo ndilo litakalompeleka huyo mama wa kijiji. Akafikiri, na uso wake ukang'aa, jambo ambalo lilinitia hofu. Akasema basi kazi hiyo ihesabiwe kuwa ya pamoja, mabalozi wote wa nyumba kumi kumi watakuja kuifanya, na barua ataitia saini kazi ikikamilika.

Nilishukuru. Nilikuwa nimezoea kushukuru.

Jumatatu baada ya sala ya alfajiri mimi na shemeji tulianza mapema, kwa matumaini ya kumaliza kabla filimbi haijapigwa. Tuliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukapandisha upande wa kulia, tukaegemeza ekseli juu ya gogo. Tulitoa gurudumu, kifuniko, pini, nati, na beringi ya nje, tukaivuta habu, kile kitovu cha gurudumu, pamoja na dramu ya breki. Vikombe vya zamani, zile pete za chuma ambamo beringi hukaa, tulivigonga kwa tindo kutoka ndani, kidogo kidogo, kwa kuzunguka. Habu tukaiosha kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Vikombe vipya vikaingia kwa kugongwa polepole, sauti ikibadilika kuwa nzito vilipokaa. Grisi niliiweka kwenye kiganja na kuisukuma ndani ya beringi mpaka ikatokea upande wa pili.

Shemeji alikuwa akiniangalia. Alisema, "Shemeji, dada yangu hujawahi kumpaka mafuta hivyo."

Nikamwambia dada yake hajawahi kunguruma. Akasema ni kwa sababu sikai nyumbani vya kutosha kumsikia.

Kisha ikaja nati. Hapa msomaji anivumilie, maana ndipo penyewe. Nati ya beringi za mbele haikazwi kama nati za tairi. Unaikaza huku unazungusha gurudumu, mpaka gurudumu lianze kugoma, kisha unairudisha nyuma kidogo, hadi tundu la pini likae sawa. Beringi inahitaji nafasi, nafasi nyembamba kama ukurasa wa kitabu. Ukiinyima, inajisaga yenyewe kwa joto. Yule dereva wangu mlevi alinipiga kofi lake la kwanza kwa ajili ya jambo hilo hilo. Upande wa kulia nilifanya hivyo. Gurudumu lilizunguka kimya, likazunguka tena lenyewe, na shemeji akavua kofia.

Tulikuwa tumeosha habu ya kushoto na kugonga vikombe vyake tuliposikia filimbi.

Walikuja mabalozi tisa, wamepanga mstari, na katibu mbele. Walibeba majembe, kwa sababu hakuna aliyewaambia kazi ni ya nini. Walisalimia mama, aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua uwele kwa vidole, "Shikamoo bibi," mmoja mmoja, naye akaitikia "Marahaba" mara tisa na kumuuliza kila mmoja kuhusu ng'ombe wake. Walikuwa watu wema. Nasema hivyo kwa haki. Mtu mwema akipangwa mstari nyuma ya mpumbavu wema wake haupungui, ila hauna pa kwenda.

Katibu alizunguka gari mara mbili, mikono nyuma. Akaushika upande wa kulia, akautikisa. Hakuona kosa, na hilo lilimsumbua. Akauliza tulikaza nati kiasi gani, na shemeji, ambaye ulimi wake haukuwahi kupata breki, akamweleza yote.

"Mwalimu," katibu aliniita, ili wote wasikie, "nati hii umeilegeza kwa makusudi?"

"Ndiyo. Ndivyo inavyotakiwa."

"Inatakiwa na nani?"

"Na beringi."

Akawageukia mabalozi. "Mmesikia. Beringi inataka kulegezwa. Hata mimi nikilala mchana, mwili ndio uliotaka."

Walicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu barua haikuwa imetiwa saini.

Kisha likatokea jambo dogo ambalo nimelifikiria zaidi ya mara moja kwenye mkeka wa sala. Balozi mmoja, mzee kuliko wote, alikuwa amesikia kwamba gari linapakwa grisi na kwamba grisi ni adimu. Alituma nyumbani kwake kikaletwa kibuyu cha mafuta ya mkia wa kondoo, safi, meupe, ya kuchanganya na grisi yangu ili itoshe. Ilikuwa zawadi ya kweli. Mafuta yale yangeyeyuka kabla hatujatoka kijijini, na mbwa wote wa Iramba wangetufuata. Nilikataa. Nilikataa kwa maneno mazuri, lakini nilikataa. Mzee akafunika kibuyu chake na kukisogeza nyuma ya miguu yake. Kwetu kumkatalia mzee zawadi mbele ya watu ni jambo unaloweza kulifanya mara moja. Ukilifanya mara mbili siku hiyo hiyo, umekuwa mtu wa aina nyingine. Mimi mara yangu moja niliitumia kwenye mafuta ya kondoo.

Kwa hiyo beringi na gurudumu la kushoto vilipokwisha kurudishwa, na katibu akasema nati yake itakazwa na kijiji kizima, sikuwa na neno lililobaki.

Kwetu unapopandishwa mhimili wa tembe, ule mti mkuu unaobeba paa, kila nyumba lazima iweke mkono juu ya mti. Asiyeweka mkono ni kama anaiombea nyumba ianguke. Ni desturi nzuri, na mhimili ni mti mkubwa. Katibu akaona kwamba nati ni mhimili. Akaagiza liletwe bomba la maji kutoka ofisini, mojawapo ya yale yaliyokuja kwa ajili ya mradi wa maji, na mpaka leo hiyo ndiyo kazi pekee niliyoliona bomba lile likifanya. Likavikwa kwenye mkono wa spana yangu kubwa. Kisha mabalozi wakavuta, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa niaba ya nyumba zake kumi, huku wengine wakiimba wimbo wa kupandisha mhimili. Balozi wa nane alikuwa na homa. Alisogezwa kwenye spana ameshikwa mkono ili nyumba zake zisikose. Alivuta kidogo, akatapika, akashangiliwa.

Mama aliinua kichwa mlangoni. "Mbona mnaimba wimbo wa mhimili? Nani anajenga?"

Nikamwambia hakuna anayejenga, ni gurudumu.

"Gurudumu lina paa?" akauliza, akarudi kwenye uwele wake.

Walipomaliza, katibu alilishika gurudumu na kulitikisa. Halikucheza. Akatabasamu. Ni kweli halikucheza; hata maiti hachezi. Alijaribu kulizungusha likazunguka robo na kusimama, na hilo nalo lilimpendeza, akasema sasa limekuwa na nidhamu. Pini aliipitisha mwenyewe na kuikunja ncha. Akatia saini barua juu ya boneti ya gari. Nilipokea kwa mikono miwili.

Nilikuwa na mpango wangu. Nilikuwa nimejisemea moyoni: watakula, wataondoka, na baada ya alasiri nitaifungua nati ile na kuirudishia nafasi yake, na hakuna atakayejua. Ndivyo wengi wetu tulivyoishi miaka ile. Mchana tulikubali, jioni tulirekebisha. Kijiji kilisimama kwa kazi za jioni.

Lakini nilipomaliza kusali alasiri na kwenda kutafuta spana, haikuwepo. Mke wangu akasema katibu ameichukua. Vifaa vilivyotumika kwenye kazi ya pamoja hutunzwa ofisini. Nilikwenda ofisini, kufuli. Nilikwenda nyumbani kwake, nikaambiwa amepanda baiskeli kwenda mkutanoni Kinyangiri, atarudi keshokutwa, ufunguo uko mfukoni mwake pamoja na zile kalamu. Tulijaribu kuigonga nati kwa tindo na nyundo mpaka tukaanza kuipasua kingo. Haikusogea hata unywele. Ilikuwa imekazwa na nyumba tisini.

Tuliondoka Jumanne alfajiri hivyo hivyo. Mama alikaa mbele pamoja nami, shemeji nyuma juu ya magunia. Niliendesha polepole na kusimama kila baada ya mwendo mfupi ili niweke kiganja kwenye habu. Mara ya kwanza ilikuwa vuguvugu. Mara ya pili ilikuwa kama birika. Mara ya tatu sikuweza kuishika, na grisi ilikuwa imeyeyuka, ikidondoka ndani ya rimu. Tulisubiri ipoe, tukaenda kidogo, tukasubiri tena. Mama aliuliza kama tumefika. Nilimwambia bado. Aliuliza kwa nini kunanuka kama jiko. Nilimwambia ni gari.

Singida haikuwa mbali, tulikuwa tumeanza kuyaona mawe makubwa ya kandokando ya mji, iliposikika sauti kama ya mfupa unaotafunwa, usukani ukanivuta kushoto, na gari likaegemea na kusimama. Tulipolipandisha, nati, sasa haina kinachoibana, ilitoka kwa tindo, tukakuta beringi ya nje imevunjikavunjika na ya ndani imeganda kwenye ekseli, nyeusi kama kaa la jiko. Beringi mpya. Zilikuwa zimeishi garini siku moja.

Shemeji alitembea kwenda mjini kutafuta beringi nyingine na spana ya kuazima. Sisi tulikaa kwenye kivuli cha gari, na mimi, mwalimu wa dini, nikafungua mdomo. Nilimsema katibu. Nilisema kuhusu kichwa chake, semina yake, filimbi yake, na nikaanza kusema kuhusu mama yake, mama yangu aliponishika mkono.

"Ulijua kwamba imekazwa kupita kiasi?"

"Nilijua, mama."

"Ulinyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Basi usimlaani peke yake. Gawaneni."

Alitaka maji, nikampa, akaomba nimweleze mawe yale yako upande gani, akakaa ameelekea huko.

Jumanne ilipita. Wenyeji wa jirani, Wanyaturu ambao hatukuwajua, walitupa mahali pa kulala na uji. Shemeji alirudi Jumatano karibu na adhuhuri, amepata beringi zilizokwisha kutumika, za gari lililokufa, na spana aliyoazimwa kwa kuacha koti lake. Ekseli ilikuwa imekwaruzika. Niliisawazisha kwa tupa mpaka beringi zikakubali kuingia. Nati nilikaza mpaka gurudumu likagoma, nikairudisha nyuma kidogo, nikatia pini. Kazi nzima haikuchukua hata saa mbili. Gurudumu lilizunguka kimya kabisa, na kwa kulitazama likizunguka nililia, jambo ambalo shemeji alikuwa na adabu ya kutolitania. Wakati huo, Kilimatinde, daktari alikuwa akipasua macho ya kwanza.

Tulilala Manyoni, tukafika Kilimatinde Alhamisi asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu, nusu yao wamefungwa bandeji jicho moja, wakisubiri la pili. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, aliandika jina la mama, akamwangalia, kisha akaniangalia mimi.

"Mngefika jana," alisema.

Ningemjibu nini? Kwamba tulikuwa tumeshikamana mno?

Daktari alichagua jicho la kulia. Mama alilala hospitalini siku zilizotakiwa, kichwa kimebanwa kwa mifuko ya mchanga ili asigeuke, na wauguzi wa misheni walimlisha kwa kijiko na kumheshimu, Mungu awalipe kwa imani yao na mimi kwa yangu. Alipofunguliwa bandeji na kuvishwa miwani minene kama kitako cha chupa, aliniangalia kwa muda mrefu. Akasema nimezeeka, na kwamba ndevu zinanipendeza kuliko alivyofikiri. Kisha akaomba kanga yake.

Tuliporudi kijijini filimbi ilikuwa imekwisha kupigwa. Watu wote walikusanywa mbele ya ofisi. Katibu alikuwa amesikia kwamba mama anaona, lakini hakuwa amesikia mengine, au alisikia akayaweka kando. Alihutubia. Alisema hili ni tunda la mikono ya wengi. Alisema kama nati ile ingeachwa kwa mtu mmoja, legelege, mama yetu asingefika. Alisema jicho hili ni la kijiji. Watu walipiga makofi, na yule mzee wa kibuyu alipiga pia, akinitazama chini chini. Nilitazama miguu yangu. Nilikuwa nimeazimia kusema, na tazama, nilikuwa nanyamaza tena.

Mama aliinuka bila kuitwa. Aliomba aonyeshwe mwenye kuzungumza ni yupi. Katibu akajisogeza mbele kwa furaha, akainama, "Shikamoo, mama yetu."

"Marahaba." Alisogeza ile miwani, akamwangalia kuanzia kofia hadi viatu na kurudi juu, taratibu, kama anavyochambua uwele.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miaka yote hii nasikia sauti, nikadhani ni mtu mkubwa."

Aliyeanza kucheka ni balozi wa nane. Katibu naye alicheka, amechelewa kidogo. Mama akaendelea, bila kupaza sauti: "Daktari alikuwa na siku mbili. Siku ya kwanza sisi tulikuwa njiani, gurudumu lenu limeungua. Kwa hiyo hili la kulia mnaloliona ni la daktari. Hili la kushoto ndilo la kijiji. Lichukueni."

Mzee wa kibuyu alitoka kwenye mstari, akaja kumshika mama mkono, akakaa chini karibu na miguu yake. Katibu alisema kikao kimefungwa. Spana yangu ililetwa nyumbani jioni hiyo na mtoto wake, imefutwa vumbi. Miaka miwili baadaye katibu alipandishwa cheo, akapelekwa mahali pengine kusimamia karakana. Niliwaombea madereva wa huko.

Daktari yule hakurudi mwaka uliofuata, wala uliofuata huo. Mama aliishi miaka kumi na moja na jicho lake moja, na kwa jicho hilo aliona vitukuu, mvua, na kila kosa katika upishi wa mke wangu. Upande wa kushoto hakuuona tena. Mlango wa chumba chake ulikuwa mwembamba, na mara nyingi alipotoka, bega lake la kushoto liligonga mhimili uliosimama kando ya mlango. Nilikuwa nikiisikia sauti hiyo kutoka madrasani, kati ya aya na aya ya watoto. Kila nilipoisikia nilisema Astaghfirullah, na hakuwa katibu niliyekuwa namwombea msamaha.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akupe afya na riziki ya halali, awarehemu wazazi wako walio hai na waliotangulia, na akujalie ulimi unaofunguka wakati bado kuna faida. Amina.